Nilivyomsimulia baba vita vya mwisho vya redioni mbele ya waombolezaji

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wengine na kuondoka kimya. Leo naandika, na sitaongeza kitu. Jambo lenyewe linatosha, na ningefurahi sana kama lingekuwa uongo.

Kwetu ni karibu na Nkubu. Baba alikuwa mkulima wa kahawa, na kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa mradi wetu wa maji. Maneno yake yote yalikuwa maji. Nani ametoboa paipu, nani amefungua bomba siku isiyo yake, nani anataka maji yapite kwa shamba lake kwanza.

Mimi niliishia darasa la nane nikabaki nyumbani na wazee. Dada yangu Kagendo ni mwalimu, anakaa Embu mjini. Nawaambia hivyo mjue ni nani anayesikilizwa kwetu akizungumza.

Sasa kulikuwa na mchezo wa redio kila Jumamosi alasiri. Walikuwa wameutoa kwenye kitabu cha watu wa nje wakautia Kiswahili. Watu wamehamia sayari nyingine, kavu kabisa, udongo mwekundu. Wamechimba mpaka wakapata maji. Halafu meli za angani zinatoka duniani kuja kuyachukua. Kiongozi wa hao wachimbaji ni mwanamke, Kamanda Sabina.

Baba hakuwa mtu wa mambo ya angani. Siku ya kwanza alicheka, akasema hiyo meli wanayodai inaruka ni posho mill ya kusaga mahindi wameirekodi. Lakini aliposikia kesi ni ya maji, akavuta kiti.

Kuanzia hapo hakukosa. Majirani wakimwambia Sabina atashindwa, aliwabishia kama wanamsema mtu wa kamati yake.

"Huyo mama hawezi kupeana maji," alikuwa akiniambia. "Nimekaa kwa mikutano na watu kama yeye. Hawapeani."

Alipolazwa hospitalini nilimpelekea redio, mimi nikawa nasikiliza kwa jirani. Shida ni kwamba dawa zilikuwa zinamlaza katikati ya kipindi. Kesho yake nikifika, kabla hata ya kunywa uji, ilikuwa lazima nimsimulie kuanzia pale usingizi ulipomchukua. Kama nimesahau kitu, alijua. Alikuwa ananirudisha nyuma.

"Nikilala, wewe utaniambia," alisema.

Nikamjibu nitakuambia. Sikuona kama hiyo ni ahadi kubwa.

Jumamosi ya vita vya mwisho ilimkuta yuko mochari.

Kwetu, nyumba ikiwa na matanga, redio haiwashwi. Mnajua hayo. Siku hiyo boma lilikuwa limejaa, watu wa kanisa wamekuja kuomba na kuimba na mama. Nikachukua redio chini ya koti, nikaenda zizini, nikakaa juu ya majani ya ng'ombe. Nikaweka sauti ya chini kabisa. Nilijiambia sisikilizi kwa raha, nimetumwa.

Vita vilikuwa vikali, wakuu. Wachimbaji hawakuwa na bunduki, walikuwa na mashine za kutoboa mawe tu. Walisimama nazo mlango kwa mlango, na meli mbili zikaanguka. Nikaona Sabina anashinda. Halafu wale wa duniani wakafanya kitu kibaya. Wakafunga hewa kwenye handaki ambalo watoto walikuwa wamefichwa.

Hapo redio ikanyamaza. Kimya. Nikamsikia ng'ombe akitafuna.

Nikadhani betri zimekufa. Nikaipiga kofi, nikazungusha sauti mpaka mwisho. Kumbe hawa watu wa mchezo walikuwa wametuwekea kimya makusudi, ili tujue kukosa hewa kukoje. Ghafla likalipuka bomu, na mkubwa wa maadui akapaza sauti boma lote likasikia, akisema maji yaletwe, yaletwe sasa hivi.

Pasta alikuwa katikati ya maombi. Alinyamaza. Mama mmoja wa kanisa, Mungu ambariki, alitoka mbio jikoni na jagi la maji, akidhani kuna mtu amezirai huko nje.

Nilipunguza sauti nikasikia maneno machache yaliyobaki. Kagendo alipofika zizini, kipindi kilikuwa kimeisha.

Hakunigombeza. Aliniangalia, akaangalia redio, akasema, "Baba yuko mochari na wewe unasikiliza mchezo."

Angenipiga ningeshukuru.

Siku ya mazishi, kila mtoto alipewa nafasi ya kusema neno. Kagendo alinifundisha langu asubuhi, fupi: shukuru Mungu, shukuru waliokuja, keti. Sijawahi kusema mbele ya watu, kwa hivyo nililirudia mpaka nikalijua.

Nikapewa maiki. Nikaona jeneza. Yale niliyofundishwa yakatoka kichwani yote.

Nikasema, "Baba, kile kipindi cha Jumamosi nilikisikiliza."

Watu wakatulia. Walidhani ni mwanzo wa jambo la maana. Nikaendelea. Nikamwambia baba meli zimeshuka, wachimbaji wamesimama milangoni na mashine zao, meli mbili zimeanguka. Nilimsimulia vile nilivyozoea kumsimulia wodini, polepole, nisiruke kitu, kwa sababu alikuwa anajua nikiruka.

Kicheko kilianzia nyuma ya tenti kwa vijana. Kikaja mbele. Mjomba Njiru, kaka yake mama, aliyekuwa ametoka Gachoka na suti yake nzito, alifunika uso kwa kofia na mabega yakawa yanatikisika. Wakwe wa Kagendo walikuwa safu ya kwanza. Kagendo alikuwa anaangalia chini.

Niliona hayo yote na sikuweza kunyamaza. Nikafika pale hewa imefungwa, watoto wako ndani. Nikasema, "Sabina akasimama, akashika kile chuma cha kufungulia maji..."

MC akaniwekea mkono begani, akachukua maiki taratibu. Akasema ndugu yetu amelemewa, tumkumbuke kwa maombi. Wakaimba. Baba akateremshwa.

Sasa niwaambie kitu ambacho hata nyumbani hawakijui. Maiki ilipochukuliwa, nilifurahi. Aibu ya kuchekwa naijua, imenikaa, lakini hii ni mbaya kuliko ile. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa najua mwisho wenyewe, na sikutaka kuwa mimi wa kumwambia.

Baada ya hapo sokoni Nkubu wakaanza kuniita Kamanda. Nikinunua dawa ya kahawa, mtu wa duka ananiuliza hali ya hewa huko juu. Kagendo akawa akipiga simu anaongea na mama tu.

Siku ya kikao cha familia baada ya mazishi, Mjomba Njiru alikuja tena. Tulipokuwa tumekaa, kabla ya jambo lolote, mama akanigeukia. Mama hakuwahi kusikiliza huo mchezo hata siku moja. Alikuwa anasema unamalizia watu betri.

"Wewe hukumaliza," akaniambia.

Kagendo akasema, "Mama, tafadhali."

"Mimi ndiye nilikuwa nalala na yeye," mama akasema. "Akikosa mwisho wa kitu halali usingizi. Twende huyu amalizie."

Tukaenda kaburini. Kagendo alibaki kwenye veranda. Udongo ulikuwa bado haujashuka, maua ya plastiki yameanza kuchafuka. Nikasimama pale. Bila maiki ilikuwa ngumu zaidi.

Nikasema, "Baba, Sabina alipeana maji. Yote. Ili watoto wafunguliwe hewa. Alilifungua bomba yeye mwenyewe."

Nilingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Labda anirudishe nyuma.

Mjomba Njiru akavua kofia. Huko kwao Gachoka ni kukavu, watu wanateka maji mbali. Akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Na hao watu sasa wakanywa nini?"

Nikamwambia redio haikusema.

Mama aliinama, akanyoosha ua moja. "Angekasirika," akasema. "Angekasirika wiki nzima, asile chakula changu. Na ingekuwa ni yeye, angefungua hilo bomba kabla ya huyo mama."

Akapangusa mikono kwa leso akarudi nyumbani kuweka chai. Nilibaki pale kidogo. Sikulia siku ya mazishi. Siku hiyo nililia.

Na Kagendo siku hizi tunasalimiana. Hilo jambo hatujaligusa, na mimi simlaumu. Aliaibika mbele ya wakwe zake kwa sababu yangu.

Nilichojifunza ni hiki: ukimwahidi mgonjwa kitu kidogo, kitimize, lakini usingoje upewe maiki. Nenda peke yako mapema, useme hadi mwisho, hata kama mwisho ni ule ambao hakuutaka.

Nauliza waliowahi kubaki na neno la mtu aliyeondoka: ninyi mlilipeleka wapi? Na mkitaka kuniita Kamanda hapa pia, sawa tu. Naitika.