Sweta la Bosi Lazima Lifunguke Mbele

Asubuhi, wanafunzi wakiwa ndio wanaanza kupita barabarani, mfumaji wa masweta ya shule anasimamisha mashine yake katikati ya mstari. Uzi haujakatika. Anainama kwenye mkeka ulio kando yake, anashusha zipu ya sweta la binti yake wa miaka miwili na kukitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Akiridhika anaipandisha zipu, na mashine inaanza tena kelele zake.

"Mkaguzi kapita," anamwambia mtoto.

Mtoto, ambaye nyumbani wanamwita Bosi, hana habari naye. Anatafuna gurudumu la gari la plastiki.

Bosi alizaliwa na tundu kwenye moyo. Damu inayovuja kupitia tundu hilo hurudi kwenye mapafu kwa wingi na kuyalemea, kwa hiyo mafua ambayo mtoto mwingine huyamaliza kwa kamasi na kelele, kwake hugeuka nimonia upesi. Upasuaji wa kuliziba tundu hilo umeahirishwa mara mbili, kila mara kwa sababu ya nimonia. Sasa amepangiwa tarehe nyingine, mwisho wa mwezi huu. Mama yake ana kazi moja kubwa: kumfikisha siku hiyo mapafu yakiwa safi.

Wateja humwita Mama Uzi, naye kosa lake halifichi. Zamani aliamini, kama wengi mtaani, kwamba nimonia huletwa na baridi tu. Na kwa baridi yeye ndiye fundi. Alimfumia Bosi masweta mazito yenye vifungo mgongoni, ili asiyavue, akamvisha mawili kwa mpigo, siku nyingine matatu.

"Nilikuwa najisifu jamani! Watu wanapita wanasema, mtoto wako kanona. Kumbe wanasifia uzi."

Bosi alipoanza kukataa kunyonya na kutokwa jasho, mama alifurahi kwamba joto limemwingia. Kesho yake mtoto alilegea, akakimbizwa kliniki. Muuguzi alihangaika na vifungo mpaka akauliza kama humo ndani kweli kuna mtoto. Sweta la mwisho lilipotoka, hakuna aliyecheka tena.

"Kila akivuta pumzi, chini ya mbavu panabonyea," anasema Mama Uzi. "Mwanangu alikuwa anatafuta hewa ndani ya kazi ya mikono yangu. Niliogopa kuliko siku niliyoambiwa moyo una tundu."

Bosi aliwekewa oksijeni, akalazwa. Muuguzi hakumgombeza mama. Alimweleza kwamba vimelea huja na wanaokohoa, kwamba moshi nao unaumiza mapafu, na kwamba chanjo zisirukwe. Kisha akamwonyesha namna ya kukitazama kifua mtoto akiwa ametulia: pumzi zikienda mbio au mbavu zikibonyea, ni hospitali papo hapo.

Walipotoka, Mama Uzi alichukua mkasi, akayapasua masweta yote mbele na kuyashonea zipu. Siku hizi mteja mwenye mafua hupimwa akiwa nje ya dirisha. Hata mama mkwe hapendelewi. Leo amekuja na kikohozi, amesimama nje, kanga mdomoni.

"Mume wake nimemzaa mimi," analalamika, "leo namsalimia mjukuu dirishani kama nimekuja gerezani."

"Mama, pona kwanza, utambeba mpaka uchoke," anajibu mkwe wake, na bibi anacheka mpaka anakohoa.

Juu ya rafu, ndani ya mfuko wa nailoni, kuna sweta dogo la njano. Halina zipu wala kifungo. Ni la kuvalia kichwani, na shingo yake bado haijamaliziwa.

"Hili ni la baada ya upasuaji, kidonda kikishapona," anasema Mama Uzi, akishusha zipu ya Bosi kwa mara nyingine. "Nataka nimvishe asubuhi, nisimfungue mpaka jioni."