Kofia ya Mwisho wa Waya

Mimi Njuki nilipanda nguzo za simu miaka kumi na saba, kutoka Embu hadi Meru, na sijawahi kushindwa na waya. Nasema wazi kwa sababu ni kweli. Lakini ukifika kwetu karibu na Runyenjes uulize fundi wa mtandao wa kompyuta ni nani, utaonyeshwa nyumba ya mama mkwe wangu, Ciakuthii, mjane wa Mbaka, mkulima wa kahawa aliyesoma ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, mpaka kitabu cha pili. Na aliyesema aandikwe fundi ni mimi mwenyewe.

Mwaka wa tisini na saba mke wangu, Mukami, alikuwa akifundisha taipu mjini Embu. Kompyuta zikaja, mashine za taipu zikaanza kushika vumbi kabatini, naye akasema yeye hatashika vumbi pamoja nazo. Akaacha kazi ili afungue chuo chake cha kompyuta. Achukue nyumba wapi? Sisi tulikuwa tunakaa chumba kimoja cha kupanga. Mama yake alikuwa na nyumba ya mawe yenye stima. Ciakuthii akasema, "Leteni hivyo vyombo vyenu hapa. Mimi nalalia kitanda kimoja tu."

Kompyuta zilikuwa tatu. Moja tukaiweka sebuleni, moja stoo, na ya tatu pamoja na printa tukaiweka chumbani kwa Ciakuthii, maana ni chumba hicho pekee kilichokuwa na vyuma dirishani na kufuli ya maana mlangoni. Zote zikaunganishwa na waya mmoja mweusi, kama ule wa antena ya televisheni, ukitoka sebuleni, ukipitia stoo, ukiishia chumbani. Kila mwisho wa waya una kofia ndogo ya chuma, haizidi ncha ya kidole gumba. Na kabla hujaniuliza, mambo ya kuunganisha bila waya tulikuwa tunayasoma gazetini tu. Leo wajukuu wanashika mtandao wakiwa juu ya mparachichi wakila, wala hawajui tulikotoka.

Sebuleni na stoo nilifunga mimi. Chumbani alifunga Mukami, nikimwelekeza kutoka koridoni, kwa sababu kwetu mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe wake. Haingii, basi. Vijana wananicheka wakisema ni ushamba. Wacheke! Heshima haijawahi kumvunja mtu mguu.

Sasa, barua ikaja: mkaguzi wa vyuo atafika Ijumaa saa nne asubuhi. Akikuta kompyuta zinaongea, chuo kitasajiliwa. Akikuta hazisemezani, wanafunzi kumi na mmoja waliokuwa wameshaanza hawatafanya mtihani mwaka huo, na Mukami atarudi kumpigia magoti mwajiri aliyemwacha. Hatukuwa na wasiwasi. Mtandao ulikuwa ukifanya kazi vizuri.

Jumatano Mukami akashikwa na uchungu wa kuzaa, wiki mbili kabla ya siku zake. Nilimfikisha hospitali Embu, na pale mlangoni akanikamata kola ya shati. "Njuki, Ijumaa. Usiniangushe."

"Mimi?" nikamwambia. "Nishindwe na waya?"

Alhamisi mchana nikafika kwa Ciakuthii. Nyumba inang'aa, sakafu imepigwa deki, vitambaa vyeupe juu ya viti. Nikaketi sebuleni, nikatuma karatasi ya kujaribu kwenye printa. Kimya. Nikajaribu tena. Kompyuta ya sebuleni haikuiona ya stoo, ya stoo haikuiona ya chumbani. Ala! Nikafungua viungo vyote vya sebuleni, nikafunga. Nikafungua vya stoo, nikafunga. Waya wangu ulikuwa mzima kabisa. Kilichobaki ni chumbani.

Nikasimama koridoni nikitazama pazia la ule mlango kama mwizi. Nikamwambia Ciakuthii nakwenda kumtafuta binti wa jirani aingie aangalie.

"Kwani mikono yangu imeoza?" akauliza. Akapita mbele yangu, akaingia. "Haya. Sema."

"Mama, nyuma ya kompyuta kuna kiungo cha chuma chenye mabega mawili. Kimekaza?"

"Kimekaza."

"Bega moja waya umeingia?"

"Umeingia."

"Bega la pili lina kofia?"

Nikamsikia akipapasa mashine. Nikarudia swali.

"Kale kachuma kadogo?" akasema polepole. "Hako nilikaondoa asubuhi nikifagia. Kalikuwa kanang'ang'ania pale mwisho, hakaendi popote, hakana waya. Nikaona ni chipukizi."

Kwa asiyejua kahawa: shina la mkahawa hutoa machipukizi yasiyozaa, yanakula nguvu ya mti bure. Mkulima mzuri akiyaona huyang'oa hata bila kufikiri. Ciakuthii alikuwa akiyang'oa tangu akiwa msichana. Lakini siku ile mimi sikufikiria kahawa. Damu ilinipanda.

"Mama! Nani alikutuma kushika? Si niliwaambia msiguse? Unataka kumuua mtoto wako kwa aibu?"

Nilimpigia kelele mama mkwe wangu. Maneno yalipomaliza kutoka nikaona haya. Ciakuthii akatoka, hakunitazama, akaenda kwa mbuzi wake nyuma ya jikoni.

Nilikaa pale koridoni, nikafikiri. Ni kweli niliwaambia wasiguse. Lakini sikuwahi kumwambia kwa nini. Mama wa watu amenipa nyumba yake, amelala na mashine inayovuma kando ya kitanda, na mimi sikuona kwamba anastahili maelezo. Nikamfuata kwa mbuzi nikasimama mbali kidogo.

"Mama, nisamehe. Nimekosa adabu."

Aliendelea kuwakatia majani. Mwishowe akasema, "Mkwe, kwenye ngumbaru mwalimu alituambia kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa niulize, lakini wewe ukiwa na waya mkononi huulizwi. Nifundishe. Usinipigie kelele."

Basi nikamfundisha pale pale. Nikamwambia kompyuta hupiga kelele ndani ya waya. Kelele ikifika mwisho ikakosa kofia, inagonga na kurudi, kama ukiita bondeni mlima ukakujibu. Zinazorudi zinagongana na zinazokuja, hakuna anayemsikia mwenzake.

"Kumbe kofia inameza sauti," akasema.

"Ndiyo hivyo, Mama."

"Sasa hiyo ni kazi. Kwa nini hukusema ina kazi?"

Alikuwa ameiweka kwenye mkebe wa vifungo. Akaitoa, akaingia nayo chumbani, nami nikimwelekeza nikiwa nje ya pazia: sukuma, zungusha kulia, mpaka ikatae. "Imekataa," akasema. Nikakimbilia sebuleni, nikatuma karatasi. Printa ikalia huko ndani, krrr, krrr, na Ciakuthii akapiga kigelegele. Karatasi akanipenyezea chini ya pazia.

Ijumaa saa nne kamili mkaguzi akaingia, mtu mwembamba aitwaye Gichovi, tai imekaza shingo. Akatuma barua kutoka sebuleni, ikatoka. Akatuma kutoka stoo, ikatoka. Nikajaza kifua. Kisha akauliza, "Wewe, Bwana Njuki, unakaa hapa?"

"Nakaa Embu, mzee. Lakini nafika haraka."

"Mwenye chuo yuko hospitali. Wewe uko Embu. Wanafunzi wako katikati ya mtihani, mtandao unakufa. Nani atawasaidia? Chuo lazima kiwe na fundi anayekaa hapo hapo. Bila huyo sisajili."

Ciakuthii alikuwa amesimama na birika ya chai. Akaiweka mezani. "Mimi nakaa hapa," akasema.

Gichovi akamtazama, gauni la kazi na leso kichwani. Akaingia chumbani peke yake, akakaa kidogo, akatoka. "Tuma tena," akaniambia. Nikatuma. Kimya. "Haya, mama. Fundi ni wewe."

Nilitaka kuruka. Nikauma ulimi. Ciakuthii akaingia, nikamsikia akigusa kiungo, bega la kwanza, bega la pili. Hakuniuliza kitu. Akatoka, akasimama mbele ya mkaguzi, akanyoosha kiganja.

"Mwalimu, toa kofia yangu mfukoni. Sauti zinagongana huko ndani."

Gichovi alicheka hadi akalegeza tai. Akaitoa. Ciakuthii akairudisha mahali pake, na printa ikalia krrr, krrr.

Mkaguzi akafungua fomu. "Fundi anayekaa chuoni," akasoma. Akanitazama. Nakiri kwamba roho yangu ilichomwa kidogo, baada ya miaka yangu yote ya nguzo. "Andika Ciakuthii," nikasema.

"Aandike mwenyewe, na sahihi."

Kule kwenye kiwanda cha kahawa Ciakuthii alikuwa akiweka kidole gumba miaka yote. Kuandika alijua, ila kila karani alikuwa na haraka, hakuna aliyekuwa na subira ya kumngoja. Akashika kalamu kama makasi ya kupogolea. Herufi tisa. Katikati akasimama, akafikiri, akaendelea. Gichovi alingoja. Na mimi, mwenye hasira za karibu, nilingoja.

Alasiri nikampelekea Mukami hospitalini nakala ya fomu iliyopigwa muhuri wa usajili. Alikuwa na msichana kifuani, amezaliwa asubuhi hiyo. Muhuri hakuutazama. Aliweka kidole juu ya jina la mama yake, akalipitia herufi moja moja, akaanza kulia.

Nikamwambia asiilowanishe, hatuna nakala nyingine.