Kidonge Mbele ya Tumbo

Siku yangu ya kwanza kwenye maternite, nyumba ya kuzalishia, hapa Kalemie, wakati wa Zaire, Mama Titulere, mukubwa wa wauguzi wote wa pale, alinipa kitambaa nisafishe mizani. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa primeri. Akasema: "Marcelina, utapima wamama kilo. Majina shika kichwani, mimi nitaandika." Nikayashika. Mpaka leo niko nayo.

Wanawake wetu walificha mimba. Kitenge kinafungwa juu mpaka mwezi wa tano, wa sita, kuogopa macho ya majirani. Wakifika, tunawapa asidi foliki, vidonge vya kuongeza damu na kujenga mutoto. Mimi niliona ni sawa tu.

Halafu akaja Feza, muuza samaki wadogo wa ndakala, jirani yangu. Mutoto wake wa kwanza alizaliwa mugongo wazi, akaishi siku mbili. Matanga yalikuwa yameisha zamani.

"Mama Marcelina, ninataka mimba tena. Safari hii nifanye nini?"

"Tumbo likionekana, uje."

Nyuma yangu Mama Titulere aliweka kalamu chini. "Angoje nini, Marcelina? Mugongo wa mutoto unafungwa mwezi wa kwanza, mama hajajua hata kama ana mimba!"

Nilisikia aibu. Nikamupeleka Feza mimi mwenyewe kwa daktari. Daktari hakumuahidi kitu. Alisema kidonge kinapunguza hatari, akamuandikia cha kila siku, tangu siku ile.

Kila alipokuja kuchukua vingine, wamama wa kwenye benchi walimucheka: "Feza, unapima mimba ya upepo?"

"Ninashika nafasi yangu," anawajibu. "Ninyi njo mumechelewa."

Mimba ikaingia. Siku ya kuzaa nilikuwa pale. Mutoto akalia, nikamupokea, nikapitisha kidole toka shingoni mpaka chini, polepole.

"Mama Marcelina, ni muvulana ao musichana?"

"Sijaangalia bado. Mugongo umefungwa."

Feza akalia kuliko mutoto.

Sasa niko pansheni. Lakini nikisikia posa imeingia kwenye nyumba fulani, ninabeba lengalenga na maharagi, mboga za kujenga damu, ninaenda kumuambia binti apite kwa muuguzi, aombe asidi foliki. Wote wananijibu kwa kicheko:

"Bibi, mimi bado sina tumbo!"

"Njo maana nimekuja leo."