Kitambaa Juu ya Zamu za Maji

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatano, kompyuta yangu ilizima. Niliiwasha, ikafanya kazi dakika kumi na mbili, ikazima tena. Mara ya tatu ilidumu dakika tisa. Nikaziandika dakika hizo nyuma ya bahasha.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na zamu za maji za kaya sitini na nne. Mimi ni katibu wa ndiva yetu, bwawa tulilorithi kwa mababu, ambalo hukusanya maji ya kijito usiku kucha na kufunguliwa alfajiri kwa mwenye zamu. Miaka miwili nyuma niliwashawishi wazee tuachane na daftari. Tangu hapo kila aliyebadilishana siku na jirani, kila aliyeongezewa saa, nilimwingiza humo na si kwingine. Zamu za kiangazi zilikuwa zianze kesho yake. Bila orodha, watu wangekutana mferejini na majembe, kila mmoja na kumbukumbu yake.

Mwenyekiti, mzee asiyependa makelele, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndiva ya babu zetu haikuwahi kuhitaji chaja," alisema. Kisha akanitaka nirudi na orodha kabla jua halijazama.

Saa nne na nusu nilikuwa mjini Same. Fundi wa duka la kwanza, karibu na stendi, aliibonyeza mara mbili, akasema bodi imeungua na mafaili yamekwenda nayo. Alikuwa na nyingine iliyotumika, shilingi laki nne na themanini elfu, na hii yangu angeichukua kwa ajili ya vipuri. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria ni mbuzi gani watauzwa. Kilichonizuia ni ile bahasha. Kitu kilichoungua hakifanyi kazi dakika kumi na mbili, kikapumzika, kikafanya tisa.

Muuza vocha alinielekeza nyuma ya soko, kwa mama mmoja anayetengeneza redio na kompyuta. Huyo aliisoma bahasha kwanza, kabla hajaigusa mashine.

"Nyumbani unaiweka wapi, kaka?"

"Mezani. Mama yangu huifunika na kitambaa."

"Ikiwa imezimwa?"

"Hapana, mara nyingi inawaka," nikakiri. Mama alikifuma kitambaa kile mwenyewe, cheupe chenye ukingo wa rangi ya damu ya mzee, kama vile vya redio na vya makochi. Husema kitu cha kusomea hakiachwi uchi. Kila nikitoka kwenda kuangalia ng'ombe nilikuwa naiacha inawaka, naye anaifunika, na mimi niliona ni jambo jema kwa sababu ya vumbi.

"Kaka, mwenye homa umemwongezea blanketi," yule mama alisema, akachukua bisibisi.

Kwenye feni alikuta utando mnene wa vumbi na nyuzi, nyeupe na za damu ya mzee. Hakukuwa na la kubishana. Aliusafisha kwa brashi, akapaka grisi mpya, akafunga. Tukakaa na saa yangu ya mkono. Dakika tisa zikapita, kumi na mbili zikapita. Ilipofika ya arobaini akaniambia, "Sasa pumua na wewe."

Nilifungua orodha. Kaya zote sitini na nne zilikuwapo. Hakuniruhusu kuondoka mpaka niiweke kwenye flashi na kuchapa nakala mbili duka la jirani. Maji ya watu, alisema, hayahifadhiwi kwenye chungu kimoja.

Nyumbani nilimwamkia mama, akaitikia marahaba, akauliza kama kompyuta imepona. Nikamweleza kwamba mashine hiyo hupumulia ubavuni, na kitambaa kilikuwa kinaiziba. Kisha akakikunjua, akafunika nacho nakala moja ya karatasi kwenye rafu ya redio.

Nakala ya pili nilimpelekea mwenyekiti jua likiwa bado juu ya mlima. Aliifuata kwa kidole mstari kwa mstari, akaitia kwenye koti.

"Kesho anaanza mjane wa kule juu," alisema. "Saa yake ya nyongeza nilikuwa nimeisahau."

Alfajiri mjane alifungua maji, na hakuna aliyemfuata kubishana. Fundi nilimlipa elfu kumi na mbili, flashi elfu kumi, kuchapa elfu mbili. Ukitoa hizo kwenye bei ya ile ya stendi, niliokoa shilingi laki nne na hamsini na sita elfu.