Kodi ya Miezi ya Mvua

Baba yangu alikuwa na lori moja kuukuu, alilolinunua kwa mfanyabiashara wa Singida mjini muda mfupi baada ya uhuru. Pale kwetu Ihanja lilibeba uwele, karanga na ngozi. Kodi yake ilikadiriwa kwa uzito wa gari likiwa tupu, ikalipwa mjini, na karatasi ya leseni ikabandikwa kwenye kioo cha mbele. Mvua zilipochanganya, mzigo haukuwepo. Hapo baba alirudisha leseni ofisini, akaliweka lori juu ya mawe uani, na kwa miezi hiyo hakudaiwa kitu. Ilikuwa haki yake, na ilikuwa pia ubahili wake.

Ila kodi hakuifanyia mzaha. Yeye ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, na kila mkutano aliwaambia watu kwamba kodi ya sasa si ya mkoloni, barabara ni yetu, asiyelipa asiikanyage. Mimi binti yake nilimsikiliza kwa fahari.

Mwaka mmoja, katikati ya mvua, uwele ukiwa umefika kifuani, mama alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe hospitali mjini. Baba aliliteremsha lori kwenye mawe, majirani wakamlaza mama nyuma juu ya mablanketi, nami nikakishika kichwa chake. Tulipofika barabarani, baba hakuingia, kwa kuwa lori halikuwa na leseni. Alikata kona akashika mashamba, sambamba na barabara.

Hadi leo nikikumbuka napandwa na hasira. Barabara ya changarawe ilikuwa pale pale, ngumu, haina mtu. Wenye mashamba hawakugomba. Walitangulia na mapanga wakitufyekea uwele wao wenyewe. Kisha magurudumu yakazama. Walisukuma, wakatandika matawi, tukatoka, tukazama tena. Mama, ambaye hakuwahi kumpandishia baba sauti, alimpigia kelele kwa Kinyaturu aingie barabarani. Jirani mmoja akamwambia, "Balozi, ingia bwana. Hiyo kodi tutachanga sisi."

Akaingia. Hakuna aliyetusimamisha mpaka mjini. Mama alipona. Mdogo wangu alizaliwa amekwisha kufa.

 Mama aliendelea kumpakulia baba chakula, ila kwa muda mrefu hakukaa naye jioni kama zamani. Baba naye mikutanoni hakuhubiri tena kodi.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, nilikwenda naye mjini kununua madaftari. Tulipita ofisi ya kodi. Karani alimwamkia shikamoo, akanyoosha mkono kupokea leseni kama ilivyokuwa desturi. Baba akasema hairudishi, amekuja kulipia miezi ya mvua.

"Mzee, si gari litakuwa juu ya mawe? Unalipia nini?"

"Mke wangu ni mjamzito," baba alisema.

Karani hakuelewa, lakini alipiga mhuri. Mdogo wangu wa kike alizaliwa hospitalini, mzima.

Baba hakuacha kulipia mvua, hata mama alipokoma kuzaa. Lori lilisimama uani kwa magurudumu yake, lina mafuta, na kijiji kizima kilijua ufunguo ulipotundikwa. Mwaka fulani alikuja karani mgeni, akamwuliza swali lile lile, mzee unalipia nini.

"Kijijini kuna wajawazito," baba alimjibu.