Naliaka Anachagua Ngozi

Zamani kijana wa Thika aliulizwa mikono yake inajua kazi gani. Siku hizi anaulizwa ana pointi ngapi za mtihani. Mzee Gachau, fundi wa ngozi aliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia nyama, alikunja uso mbele ya kompyuta ndani ya saiba ya Ruiru, duka la intaneti. Jirani yake Naliaka alikuwa akichagua kozi ya chuo kikuu.

"Weka udaktari!" mama yake alisema.

"Mwaka jana udaktari ulitaka pointi kumi zaidi ya zake," Gachau alisema, akisoma skrini. "Weka teknolojia ya ngozi. Wanaoiomba ni wachache."

"Guka, babu yangu, ninuke kama wewe?" Naliaka aliuliza.

"Harufu hii ilisomesha watoto wanne, mpaka kiwanda chetu cha ngozi kikafungwa."

Naliaka alicheka, kisha akaiweka ngozi kuwa chaguo lake la kwanza.

Majibu yalipotoka, mama alipiga vigelegele vilivyosikika ploti nzima ya wapangaji. Binti yake ameitwa chuo!

Mara ya mwisho Gachau kuwaona mama na binti, walikuwa stejini Witeithie wakisubiri matatu, na godoro jipya. Ndani ya sanduku la Naliaka mlikuwa na kisu kikuukuu cha Gachau cha kukwangulia ngozi.