Ng'ombe Wanywe Kwanza: Gofu Mtoni Lingeka

Safari hii niliianza kwa hasira, nisiwafiche. Bwana mmoja anaitwa Gervas, mgeni hapa Bariadi, alikuja karakanani kwangu kuchukua geti lake, akaziona fimbo za gofu nilizokuwa nachomelea. Nikamwambia ni za dada yangu Minza, mtoto wa shangazi, anacheza Lingeka, kwenye uwanja wa mtoni. Akacheka. Akasema yeye kacheza gofu mijini miaka na miaka, na huo wa Lingeka alishaupita: ni machungio yaliyowekwa bendera.

Sasa mimi, ukimsema Minza umenisema mimi. Nikamwambia njoo Jumamosi ucheze naye mashimo tisa, ukishindwa utasimama hapa hapa mbele ya mafundi wote useme ule ni uwanja. Akauliza, "Na nikishinda?"

Nikamwambia nitaking'oa kibao changu cha mlangoni, kile kinachosema FIMBO ZA GOFU ZINATENGENEZWA HAPA. Kile kibao nilikiandika kwa mkono wangu, na hiyo kazi hakuna aliyenifundisha, niliangalia video kwenye simu mpaka kioo kikapasuka. Lakini neno lilishatoka.

Jumamosi alfajiri nikazifunga fimbo kwenye kitenge, nikazilaza nyuma ya pikipiki, nikaondoka. Kupita Maswa jua lilikuwa limeshapanda na pamba ilikuwa imepasuka kila upande, nyeupe mpaka macho yanauma. Ukizidi kwenda nchi inakauka, miti inakuwa mifupi, ng'ombe wanakuwa wengi kuliko watu.

Mwanhuzi nikasimama kunywa chai. Mama muuzaji akauliza kama hizo ni nondo za kujengea. Nikamwambia za gofu, naenda Lingeka. Akasema, "Aa, kwa Minza," kama mtu anayetaja kanisa au soko, halafu akaniongezea chapati. Hiyo chapati niliila nimenyoosha shingo.

Lingeka nilifika Minza akiwa mtoni, anasawazisha mchanga kwa kuburuta gunia. Niwaeleze uwanja wenyewe. Hakuna geti, hakuna kadi ya uanachama. Una fimbo, unacheza, huna, unaazimwa. Kila shimo limezungushiwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ili mpira uteleze, maana nyasi za kijani kule utazitoa wapi? Bendera ni vipande vya magunia ya pamba. Mashimo saba yako juu, kando ya mashamba, na mawili ya mwisho yanashuka mpaka majini.

Nikamtolea Minza zawadi, mipira mipya myeupe. Akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Kaka, mipira myeupe msimu wa pamba? Utaitafuta mpaka masika."

Akachukua rangi ya kucha, akaipaka yote nyekundu. Bwana Gervas alipofika na gari lake akaambiwa naye apake, akakataa, akasema gofu ni mpira mweupe. Sawa.

Kabla ya kuanza tulimsalimia Mayu Kabula, mama mwenye ng'ombe wengi pale. "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, kisha akamweleza mgeni sheria, taratibu, kwa Kiswahili. Ufukwe ni wa mifugo. Wafugaji waliwapa wacheza gofu nafasi kwa ahadi moja tu: ng'ombe akija kunywa hafukuzwi, na mpira aliougusa unapigwa hapo hapo alipouacha. Siku mchezaji atakapomnyanyulia ng'ombe fimbo, bendera zote zitang'olewa. Alipomaliza akaniangalia mimi, sijui kwa nini mimi.

Mchezo wao ulikuwa wa kuhesabu mashimo: mwenye mapigo machache kwenye shimo ndiye kalichukua. Na niseme kweli, Gervas anajua. Mkono wake ni laini, mpira unakwenda anakotaka. Ila mara mbili ulimponyoka ukaingia kwenye pamba, tukabaki tunainama watu wazima kutafuta kitu cheupe ndani ya weupe. Hatukukiona. Mashimo yote mawili yakaenda kwa Minza. Gervas naye akajibu kwenye mengine. Wakamaliza mashimo manane wako sawasawa, nne kwa nne, na mimi jasho linanitoka kuliko wao.

Shimo la tisa, pembeni ya maji. Mpira wa Minza ulikaa pazuri, pigo moja tu kufika mchangani. Wa Gervas ulikuwa nyuma. Hapo hapo ng'ombe wa Mayu Kabula wakaanza kushuka, na jike moja jeusi likaja mpaka kwenye ule mpira mwekundu, likaweka kwato juu yake, likainamisha kichwa kunywa.

Nilishanyanyua fimbo. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Kaka, shusha," Minza akasema.

"Ataufukia!"

"Aufukie. Sisi ndio tumekaa njiani kwao."

Hata Gervas akaingilia, akasema usogeze tu binti yangu, mimi sina neno. Minza akamshukuru, akakataa. Tukasimama. Wale ng'ombe walikunywa kama wamelipwa kwa saa. Walipoondoka, mpira ulikuwa ndani ya tope, umebaki mgongo tu, kama nyanya iliyokanyagwa.

Minza akachukua fimbo nzito, ile niliyomtengenezea kwa springi ya gari. Pigo la kwanza lilitoa tope tu, nusu yake ikatua kwenye shati la Gervas. La pili likautoa. Shimo likaenda kwa Gervas kwa tofauti ya pigo moja, na mchezo nao.

Mayu Kabula akamshika Minza mkono, akamshukuru kama mwanawe wa kumzaa. "Wabeja, ng'wanawane." Halafu akanigeukia. "Na wewe karibu tena, ila huo mkono uje umeufunga."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiandaa kuwa na hasira, haikuja. Kila nilipomkumbuka dada yangu amesimama anawasubiri ng'ombe, kifua kilikuwa kinanijaa.

Jumatatu nikapanda ngazi na bisibisi. Gervas akaingia, akanitazama, akasema kwa sauti ya kila fundi kusikia, "Ule ni uwanja. Sasa shuka, nataka fimbo ya kutolea mpira kwenye tope."

Mafundi wakapiga makofi, wakaniambia basi, kiache. Nikakitoa. Minza alishika ahadi ikamgharimu mchezo, mimi nitashindwa parafujo nne?

Kibao sasa kiko chini, kimeegemea ukuta pale pale mlangoni. Niliahidi kuking'oa. Kukifuta sikuahidi.